Minofu kwa Ulaya, mapanki kwa Mwanza: filamu ile inasema nini hasa, na sisi wa Lamu tumo?

Kuna filamu moja ambayo kila ikitajwa huku Pwani huzua ubishi uleule. Inaitwa Darwin's Nightmare. Aliitengeneza Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ikatoka mwaka 2004, na sehemu kubwa imepigwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Itaje barazani Mkunguni, Lamu, au penye mabanda ya samaki Malindi, na maneno yatagawanyika pande tatu. Wa kwanza atasema ndiyo ushahidi kwamba Mzungu anatuibia samaki. Wa pili atasema ni uzushi, hata rais wa Tanzania aliikana. Wa tatu, na mara nyingi huyu ndiye aliyewahi kushika mshipi, atauliza: sasa sisi na kamba wetu na pweza wetu wanaopelekwa nje, tumo au hatumo?

Swali la huyu wa tatu ndilo linalonivuta. Ila haliwezi kujibiwa kabla ya kupanga maneno, maana nusu ya ubishi huu ni watu kutumia jina moja kwa vitu viwili.

Filamu ya hali halisi hutumia watu wa kweli na mahali pa kweli, si waigizaji. Hiyo haina maana kwamba kila kilichopo kimeonyeshwa. Mtengenezaji huchagua nani azungumze, akatizwe wapi, na picha gani ifuate picha gani. Ukiweka ndege inayopaa kando ya mtoto mwenye njaa, umeshasema jambo bila kufungua mdomo. Sangara ni samaki mkubwa wa maji baridi anayeweza kupita uzito wa mtu mzima. Wakenya wa Kisumu humwita mbuta. Minofu ni nyama yake iliyotolewa mifupa, inayopakiwa kwenye maboksi kwenda nje. Mapanki ndicho kinachobaki kiwandani: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Kisumu huitwa mgongo wazi, na aliyelibuni jina hilo alikuwa na macho. Mabondo ni vibofu vya hewa vya samaki, vinavyokaushwa na kuuzwa China, na kwa uzito vina bei kuliko minofu yenyewe.

Tukishayajua hayo, filamu yenyewe. Haina msimulizi. Sauper anazungumza na marubani Warusi na Waukreni wanaotua Mwanza na ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin kuchukua minofu. Anazungumza na wanawake wanaojiuza kwa marubani hao, watoto wa mitaani wanaovuta gundi, mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, na mwenye kiwanda. Tunaona ujumbe wa Umoja wa Ulaya ukisifu usafi wa viwanda. Tunaona mapanki yakianikwa juu ya vichanja, funza wakitambaa. Na muda wote anauliza swali moja kwa njia mbalimbali: ndege hizi zikija kuchukua samaki, huja na nini? Filamu ilisifiwa sana Ulaya, ikapata tuzo ya César ya Ufaransa kwa filamu ya kwanza, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Oscar.

Tanzania haikufurahi. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza watu waliandamana. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia vikali. Sauper akampeleka mahakamani Paris kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 Garçon akatiwa hatiani. Hukumu ile iliamua kesi ya heshima ya mtu. Haikuamua kama kila picha ya filamu ina maana ile ambayo mtazamaji aliichukua nyumbani.

Basi silaha. Hili ndilo watu hulikumbuka kuliko yote, na ndilo wanalolikumbuka vibaya. Ukiitazama filamu mwanzo hadi mwisho hutaona bunduki ikishushwa Mwanza. Utakachokiona ni rubani akikiri, kwa uzito wa moyo, kwamba aliwahi kubeba zana za vita kwenda Angola kisha akarudi Ulaya na shehena ya zabibu. Utasikia na watu wa Mwanza wakisema wanavyodhani. Kwamba ndege za mizigo zilizobaki baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika zilibeba silaha Afrika, hilo si siri. Kutoka hapo kusema kila ndege ya sangara ilikuja na risasi ni hatua ambayo filamu inakusogeza karibu nayo, kisha inakuachia uiruke mwenyewe. Ni ufundi mkubwa wa filamu. Kama ushahidi, ni dhaifu.

Sasa samaki, ambaye katika ubishi wetu husahaulika. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, enzi za utawala wa Waingereza, kwa hoja kwamba ziwa lina vijisamaki vingi visivyo na faida na linahitaji samaki mkubwa wa kuvipandisha thamani. Kwa miaka karibu ishirini na tano hakuvuma. Miaka ya 1980 akafumuka. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina na wengine hawapatikani popote duniani, wakaanza kupotea, na wanasayansi wanahesabu aina zilizotoweka kwa mamia. Sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Mbolea na maji machafu kutoka mashambani na mijini yalilisha mwani, hewa ikapungua vilindini, na miaka ya 1990 gugumaji likafunika ghuba. Lakini yeye ndiye aliyekula.

Hapa filamu ina pengo ambalo wavuvi wa ziwani wamelilalamikia kwa haki. Ukiipima kwa uzito, samaki waliovuliwa baada ya sangara kushamiri walikuwa wengi mno kuliko kabla yake. Maelfu ya watu walihamia visiwani na ufukweni. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na Uganda. Boti zikaundwa, nyavu zikauzwa, shule za watoto zikalipwa. Mtazamaji aliyeketi Paris hutoka ukumbini akiamini kwamba biashara ile ilileta njaa tupu. Mvuvi wa Mwanza akiambiwa hivyo hucheka, au hukasirika, maana yeye alikuja Mwanza kwa sababu ya sangara.

Mbona basi watu walikula mapanki?

Jibu limo katika bei. Kabla ya viwanda, wanawake wa ziwani walinunua sangara mzima ufukweni, wakamkata, wakamkaanga au kumbanika, wakauza sokoni. Viwanda vilipoingia vilileta malori yenye barafu na fedha taslimu, na bei ikapanda hadi mahali mwanamke wa kukaanga hafiki. Hakuna aliyemkataza kununua. Alishindwa mnadani tu. Akarudi nyuma hatua moja, akanunua kilichotupwa na kiwanda. Mapanki yakiwa mabichi ni chakula kizuri, kichwa cha sangara kina nyama ya kutosha, na watu wa Mwanza wana haki ya kuudhika kuonyeshwa kama wala uozo. Aliyekosa si nchi nzima. Mvuvi alipata bei nzuri kuliko ya zamani, kiwanda kikapata zaidi, Ulaya ikapata minofu. Mama wa kukaanga na mteja wake maskini ndio waliosogezwa hadi kwenye mifupa. Na baadhi ya fuo za upande wa Kenya mambo yakafika pabaya zaidi: mwanamke anayetaka samaki hutakiwa awe na uhusiano wa kimwili na mvuvi kabla ya kuuziwa. Wenyewe huita jaboya. Ukilijua hilo, wanawake na ukimwi unaowaona katika filamu wanaeleweka bila kuhitaji marubani kuwa chanzo cha kila kitu.

Wa Malindi hahitaji kuelezwa zaidi. Mama karanga wetu, anayenunua changu na tafi kwa mafungu na kukaanga jioni, anapambana na mnunuzi wa hoteli na mnunuzi wa kampuni kwa samaki haohao. Pweza, ambaye zamani alikuwa kitoweo cha asiye na kitu, siku hizi ana mnunuzi anayemsubiri ufukweni na mizani mkononi.

Kutoka hapa wengi huruka kwenye jibu jepesi: zuia samaki wasiende nje, tutashiba. Jibu hilo limeshajaribiwa, bila mtu kukusudia kulijaribu. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa vijidudu vya salmonela, mara kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, baada ya habari kwamba kuna watu wanaomwaga dawa ya wadudu majini ili wavue kwa urahisi. Viwanda vikapunguza wafanyakazi au kufunga milango, na bei ufukweni ikaporomoka. Mlaji wa karibu huenda alinunua kwa nafuu kwa muda. Mvuvi mwenye mkopo wa boti alilia. Mwaka 2020 tukaonja wenyewe: ndege ziliposimama na hoteli zikafungwa, kamba wakubwa wa mwambani wanaozamiwa pande za Kizingitini na Kiunga wakakosa wa kuwanunua kwa bei ya kawaida. Walibaki nyumbani, naam. Hakuna aliyetajirika kwa kubaki kwao.

Pia biashara haiendi upande mmoja. Kenya huuza minofu ya mbuta Ulaya na hununua samaki wa kugandishwa kutoka China; mwaka 2018 jambo hilo lilizua kelele hadi Ikulu ikaingia. Samaki ghali hutoka, samaki rahisi huingia, na katikati dagaa, wale omena wa Kisumu, ambao ndio mboga ya maskini, wanagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku. Ukitaka kuijua njaa ya ziwani, mtazame dagaa kabla hujamtazama sangara.

Nimefika kwenye sehemu ambayo naona filamu iliipita mbio, nayo kwangu ndiyo yenyewe. Inatuonyesha mvuvi, kisha inatuonyesha ndege. Kati ya mtumbwi na ndege kuna watu na vitu vingi, na umaskini wa mvuvi umekaa humo: barafu, mashine ya chombo, na deni.

Anza na barafu. Samaki akitoka majini saa ya bei imeanza kuhesabu. Mwenye barafu anaweza kungoja hadi kesho, akapiga simu Mombasa, akaulizia. Asiye nayo huuza kwa anayesimama mbele yake. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Bei ya pweza hawakusema nani aijuaye. Visiwa vya Lamu viko mbali na soko. Aliye Faza au Ndau hulipa safari ya chombo hadi Mokowe kabla samaki hajaona barabara, na gharama hiyo hukatwa kwenye bei ya mvuvi, haikatwi kwingine. Soko la Ulaya nalo linadai ubaridi usiokatika tangu chomboni hadi uwanja wa ndege, na samaki apite kiwanda kilichokaguliwa na kuidhinishwa. Masharti hayo yana maana ya kiafya. Lakini jiulize nani katika mnyororo mzima anaweza kuyatimiza, utaona kwa nini faida husogea upande wa mwenye jokofu.

Kisha deni. Huku tunamwita tajiri, hata kama si tajiri sana: mtu anayempa mvuvi mashine, nyavu au mafuta, kwa sharti kwamba samaki wote watauzwa kwake. Wenye miembe Mpeketoni wanaujua mtindo huu. Mnunuzi huja mti ungali na maua, hukupa fedha ya shida uliyonayo leo, na embe likiiva bei yake ilishakatwa miezi iliyopita. Kwa samaki, sharti huja na bei ya chini kidogo kuliko ya soko, na hicho kidogo ndicho cha kukipigia hesabu. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tajiri anakukopesha mashine ya shilingi 60,000. Kila kilo ananunua kwa shilingi 50 chini ya bei ya sokoni. Ukimletea kilo 20 kwa siku, umemwachia shilingi 1,000. Siku sitini za kuvua zikipita ameshapokea 60,000, thamani ya mashine nzima. Deni lako? Bado 60,000. Ile tofauti ya bei haihesabiwi kama malipo, haiandikwi popote.

Ukisikia hivyo utamwita tajiri mnyonyaji, na wako wanaostahili jina hilo. Lakini mwulize mvuvi nani alimpa fedha ya hospitali katikati ya kusi, bahari imechafuka na hakuna chombo kinachotoka. Nani alichangia mazishi. Chombo kikizama na mashine, nani hapati kitu. Benki haipo katika majibu hayo. Tajiri ni mnunuzi, benki na bima kwa pamoja, na anatoza kwa kazi zote tatu kwa njia ambayo haionekani. Ndiyo maana kumfukuza bila kuweka mwingine mahali pake hakujamkomboa mvuvi popote nilipowahi kusikia.

Hapo ndipo Mwanza na Lamu zinafanana hata kama maji ni tofauti. Tofauti nazo ni kubwa, na si haki kuzifunika. Bahari yetu haina sangara wa kuletwa. Mvuvi wa hapa huvua aina nyingi kwa zana nyingi, mshipi, jarife, malema, na akikosa kolekole atapata pono. Hakuna msururu wa viwanda wala ndege za minofu zinazotua Manda. Tishio la karibu zaidi na mfano wa sangara lilikuwa Ghuba ya Ungwana, mbele ya midomo ya Tana na Sabaki, ambako meli za kukokota nyavu zilifuata kamba wadogo wa kuuzwa nje. Nyavu hizo hukwangua chini na kubeba kila kilichopo, hukata jarife za wenyeji, na samaki wengi wasiotakiwa hutupwa wakiwa wamekufa. Ugomvi ulikua hadi mwaka 2006 serikali ikasimamisha uvuvi huo. Baadaye ukaruhusiwa tena kwa masharti ya umbali kutoka pwani na miezi ya kufungwa.

Na umaskini mwingine wa mvuvi wa Lamu hauna uhusiano na soko la samaki kabisa. Kwa miaka kadhaa alizuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na kuna samaki ambao ni wa usiku tu. Kisha bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu uliwanyima wavuvi haki zao, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Miaka yote ya kusubiri fidia, mikondo iliyochimbwa ilikuwa imeshachimbwa, na mwenye mtumbwi wa tanga hawezi kuhamia bahari kuu kwa sababu hakimu ameandika haki yake kwenye karatasi.

Kwa hiyo tumo au hatumo? Tumo, ila si mahali filamu inapoelekeza kidole. Julai 2024 mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika, na samaki ni miongoni mwa bidhaa zinazoingia kule bila ushuru. Nimesikia watu wakisema sasa wavuvi watauza Ulaya moja kwa moja. Hawatauza. Ushuru haukuwa kizuizi cha mvuvi wa Kiunga, hakuwahi kuufikia. Anayeweza kuufikia ni mwenye kiwanda kilichoidhinishwa, na kiasi gani cha nafuu hiyo kitashuka hadi ufukweni kinategemea kama ufukweni kuna wanunuzi wawili au mmoja.

Sheria yenyewe imewapa wavuvi chombo cha kuanzia. Kanuni za BMU (Beach Management Unit, umoja wa wavuvi wa ufukwe mmoja), zilizotoka 2007, zinaupa umoja wa kila bandari ya uvuvi mamlaka ya kuandikisha vyombo, kupima na kurekodi samaki wanaoshushwa, na kutoza ada. Zipo BMU zenye rekodi nzuri na zipo za mhuri na mwenyekiti tu. Visiwani Pate jamii zimeshajaribu kufunga sehemu za mwamba kwa muda ili pweza akue kabla ya kuvuliwa, na pweza wa kilo mbili huuzika kwa bei ambayo wa nusu kilo haipati. Kwa bei, wengi hupenda kutolea mfano soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ambako samaki hupigiwa mnada alfajiri na bei huitwa kwa sauti kila mtu akisikia. Wanataka Lamu na Malindi iwe hivyo kila bandari. Wazo zuri, mimi mwenyewe ningelipenda. Lakini mnada ni wa samaki asiye na mwenyewe, na samaki wa mvuvi mwenye deni ameshanunuliwa tangu jana, mafuta yalipotiwa kwenye mashine.